Uzinduzi wa Kaisari, Roma Ikiwa Baharini

Jumatatu, 11 Agosti

Riwaya imetoka! Kaisari Augusto wangu ana jalada jekundu na anapendeza. Na nimepata wazo ambalo yeye mwenyewe angelipigia makofi. Nitaizindua Ijumaa, tarehe kumi na tano, sikukuu aliyoianzisha Kaisari! Roma nzima huwa imehamia baharini siku hiyo. Vizuri sana! Hakuna sinema, hakuna tamasha, hakuna mpinzani. Waliobaki mjini watakwenda wapi? Kwangu.

Binti yangu Ortensia kapiga simu kutoka Sperlonga, alikokodi nyumba ufukweni na wanawe. Anasema niache ukaidi, nipande treni, kitanda changu kimeshatandikwa. Nikamwambia yeye ndiye aje, nimemwekea kiti cha mbele. Akasema, "Ijumaa hiyo, Baba? Hata paka wameondoka Roma." Mtoto hana maono.

Jumatano, 13 Agosti

Nimezunguka mtaa mzima kubandika matangazo. Duka la vitabu, limefungwa. Mkahawa, umefungwa. Hata Bi Assunta, bawabu wa jengo letu, kaenda kwa dada yake, kaniachia maua yake niyamwagilie. Nimeyasomea sura ya kwanza. Hayakupinga.

Padre Eligio amenipa ufunguo wa ukumbi wa kanisa. Aliuliza kama nina hakika na tarehe. Nikamwambia Kaisari hakuwahi kuulizwa hivyo. Nimepanga viti peke yangu mpaka kiuno kikagoma.

Alhamisi, 14 Agosti

Pigo! Profesa Tarquini wa ghorofa ya chini, yule mwenye riwaya ya Kaisari Tiberio nene kama tofali, naye anazindua kesho. Wapi? Sperlonga! Ufukweni, watu wakiwa na kaptula, tikiti maji mkononi. Eti kwa sababu Tiberio alikuwa na pango lake pale. Ujanja wa kitoto!

Nimempigia Ortensia kumwonya asikanyage huko. Akasema ameshaombwa amkaribishe Profesa, na wajukuu zangu ndio watakaokata matikiti. Akasema treni bado zipo, "njoo tu, Baba, utamzomea ukiwa mstari wa mbele." Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema nina wageni.

Ijumaa, 15 Agosti

Amekuja mtu mmoja. Bi Delfina, mjane wa mtaa wa nyuma, aliyefuata feni ya ukumbi. Nikamsomea sura ninayoipenda kuliko zote. Kaisari amemfukuza binti yake Julia, amempeleka kisiwani, sasa anakula peke yake huku dunia nzima iko mikononi mwake. Bi Delfina akauliza kwa nini mzee hapandi tu mashua akamwone mwanawe. Nikamweleza habari za heshima ya dola. Akasema, "Heshima gani, kaka? Huyo anaringa tu, na upweke unamla." Hajui riwaya, mama huyu.

Alipoondoka nikabaki na viti. Nyumbani nimekula tambi baridi, nimesimama. Jengo zima liko kimya, nasikia friji yangu tu. Nimeumia, sifichi. Nilitaka mtu wa kuniuliza imekuwaje.

Jumapili, 17 Agosti

Ortensia kapiga simu. Tarquini alijaza ufukwe, vitabu vikaisha. Nikauliza kama angalau alisoma vibaya. Akasema hajui, hakumsikiliza, alikuwa akiangalia barabara ya kutoka stesheni. Wamekiacha kiti changu wazi mezani mpaka tikiti likapata joto. Akasema hewa ikiwa safi anakiona kisiwa cha Julia kutoka barazani, na kila akikiona ananikumbuka. Akaniomba basi Krismasi nisimnyime, atapika mwenyewe, nije nile naye.

Machozi yalinitoka. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Kosa sasa naliona wazi. Watu walikuwa mbali! Lakini Krismasi Roma yote iko nyumbani, imeshiba, haina la kufanya. Nimeshamwomba Padre Eligio ufunguo wa ukumbi, tarehe ishirini na tano Desemba, saa ya chakula cha mchana.

Ortensia nimemwekea kiti cha mbele.