Lumbesa Thelathini za Kinyerezi

Hakuna neno lililomnogea Audax kama "sijui" likitoka kwa mwenye ghala. Alikuwa kwa mama ntilie pale Tandika, tai shingoni, kompyuta mapajani, aliposikia Mama Gibson, muuza viazi wa jumla, akimfokea dereva wake Marijani: "Viazi vinatoka Njombe vizima, vikifika kwangu vinaoza, na sijui tatizo liko wapi!"

Audax akaacha supu, akavuka barabara.

Tumtendee haki: hakuwa mwizi. Mwizi anavunja mlango. Yeye alikuwa mtaalamu wa takwimu za ugavi, cheo alichojipa mwezi Machi baada ya kile cha wakala wa viwanja kumlazimisha kuhama Segerea bila kuaga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama ni bima, nimeshakata."

"Si bima mama. Mzigo wako unavuja, na mie naweza kukuonyesha unapovujia. Nisomee tu mzigo ulioingia wiki nne hizi."

Mama Gibson akampima kuanzia tai hadi viatu. Akavaa miwani, akavuta daftari. "Arobaini na nane. Thelathini na moja. Hamsini. Arobaini na tisa."

Audax akabonyeza. Kioo kikajaa nguzo nyekundu na kijani. Mfumo ule, hata ungeuandikia tarehe ya kuzaliwa ya bibi yako, ulikuwa na jibu moja: hali ni mbaya, ila inatibika.

"Ufanisi asilimia sabini na mbili. Unaiona wiki ya pili? Magunia kumi na saba yamechepukia Chalinze."

"Mungu wangu!" Marijani akaruka. "Chalinze mie nasimamaga kununua mahindi ya kuchoma tu!"

"Braza, data haina urafiki."

Mama Gibson akaguna. "Kumi na saba. Chalinze. Haya, mwanangu, kaa unywe chai."

Akanywa chai ile siku sita, kila siku saa ya chakula, akipima. Siku ya sita akatoa dawa. Magunia thelathini yahamie kwenye chumba alichopanga Kinyerezi, jirani na wauza chipsi, kwa majaribio ya wiki moja. Yeye atasimamia na kurekodi. Msimu ule viazi vilikuwa adimu kama nini, na haya yalikuwa lumbesa: magunia yaliyojazwa kupita mdomo, juu yakashonewa kilemba cha kamba. Akishayauza angefungua genge lake mahali, atulie, asiwe tena mtu wa kukimbia kila mtaa ukimzoea. Alikitaka kitu hicho kiasi cha kukosa usingizi.

"Sawa baba," akasema Mama Gibson. "Ila kompyuta ibaki hapa, nizione hizo rangi zikibadilika."

Hapo Audax akasita. Kompyuta ndiyo jembe lake. Bila hiyo ni mtu mwenye tai. Lakini lumbesa thelathini zingenunua kompyuta kumi. "Ibaki tu mama. Mie na wewe tunaaminiana."

Kesho yake asubuhi kenta aliyoikodi ikapakiwa. Akapita akihesabu vilemba, na katika kila kilemba vilichungulia viazi visafi, vya mviringo.

"Tukufungulie moja uone ndani?" Mama Gibson akauliza.

"Aa, mama, kipimo chetu ni idadi. Tukianza kufungua tutavuruga data." Akasaini: nimepokea magunia thelathini, sina dai.

Kinyerezi wauza chipsi walikuwa mlangoni na ndoo zao. Gunia la kwanza likafumuliwa: viazi vinane, kisha vipande vyeusi vya magogo. La pili, magogo. La tano, magogo. Audax akapiga simu.

"Mama Gibson, kuna makosa!"

"Idadi haikutimia?"

"Imetimia, lakini ndani ni kuni!"

"Ni mpingo huo, baba. Shemeji yangu Sebastian anachonga vinyago Mwenge, mabaki yalikuwa yamemjaa hadi mlangoni. Anakushukuru kwa gari."

"Mama, mbona unanifanyia hivi?"

"Zile namba nilizokusomea ni mahudhurio ya kwaya yetu. Wiki ya pili mvua ilinyesha. Wewe ukaniambia watu kumi na saba wamechepukia Chalinze. Na viazi, nimeshagundua, vinaoza kwa sababu bati limetoboka. Siku sita umekunywa chai chini ya hilo tundu."

"Basi nirudishie kompyuta yangu."

"Iko kwaya. Nimewatangazia kwamba atakayekosa mazoezi atawaka mwekundu. Leo hata waliosafiri wanarudi."

Simu ikakatwa. Muuza chipsi mmoja, Rukaiya, alikuwa amekishika kipande cha mpingo, anakinusa. "Braza, moto wake unakaa?"

Audax akainyoosha tai bila hata kufikiri. "Dada, ufanisi asilimia tisini na nane."

Rukaiya hakumsikiliza. Alishakitupa kile kipande, ameinama na ndoo yake, anafumua vilemba na kuokota viazi vya juu, gunia kwa gunia, na wenzake nyuma yake, kila mmoja akisema hii ni fidia ya kupotezewa asubuhi. Audax alijaribu kuvihesabu vinavyoondoka. Alipofika arobaini akaacha, akaketi juu ya mpingo, akailegeza tai.