Tiki Tatu Kabla Wakwe Hawajafika

Jumatatu, 16 Juni

Baridi. Upepo unaotoka upande wa Chapwa umeingia mpaka ndani ya soksi. Mke wangu Tusekile kaniamsha na habari: wakwe watarajiwa wanatoka Ibaba, kule Ileje, kuleta barua ya posa ya Tumpale, Jumamosi ya tarehe 28, saa nane mchana. Binti yetu pekee. Nilifurahi kwa dakika tano hivi, kisha nikakumbuka kwamba hatuna viti.

Nikaenda kwa Makene, mwenyekiti wa mtaa, kuomba viti, turubai na wanaume sita wa kukaa nami kupokea wageni. Kaka zangu wawili walishafariki, wa tatu yuko Ndola, Zambia, na simu hapokei. Majirani ndio ukoo. Makene alifungua daftari la msaragambo, zile kazi za pamoja za mtaa, na misiba, akanigeuzia ukurasa wangu. Tangu Januari hakuna tiki hata moja. Akasema utaratibu naujua, niliupigia kura mwenyewe: tiki tatu, ndipo mtaa unakuja kwako. Bila hizo nitawapokea wakwe peke yangu. Na watu wa Ileje wakiona baba wa binti kakaa peke yake, hawaulizi habari zake. Wanauliza binti kalelewa wapi.

Niliupigia kura ili kikao kiishe.

Jioni Tumpale kaniomba kwa upole nimsaidie siku hiyo moja tu. Nimemwahidi. Nampenda mtoto huyu kuliko ninavyoweza kusema, na kusema si tatizo langu.

Jumatano, 18 Juni

Ubao wa matangazo, ofisi ya mtaa. Kazi za kujitolea mpaka mwisho wa mwezi. Ijumaa, kuchangia damu. Jumamosi, kusomba mawe ya msingi wa zahanati. Jumatatu, kuzibua mtaro wa barabara ya juu. Jumamosi ya mwisho, usafi. Chini yake majina. Rubeni kajiandikisha kila mahali, tena kwa mwandiko mzuri. Huyu ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mstaafu kama mimi, mvi kama zangu. Sijui anatafuta nini.

Nimechagua damu. Ndiyo kazi pekee pale ubaoni inayofanywa umelala.

Ijumaa, 20 Juni

Damu imekataliwa. Muuguzi alipima presha, akaitazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. Akasema nirudi nyumbani nipumzike na nipunguze chumvi. Bahati mbaya nilikuwa nimeshapitia kwenye meza ya soda na biskuti, ambazo kumbe ni za waliokwisha kutoa. Makene akasema hawezi kumwekea mtu tiki kwa kunywa soda.

Rubeni alitoa yake, akashuka kitandani anapiga mluzi. Nadhani presha ilipanda tena pale pale.

Jumamosi, 21 Juni

Mawe. Tangazo lilisema saa moja asubuhi. Nilifika saa moja kamili, nimevaa kabuti, najisifu njia nzima. Nikakuta watu wanatoka jasho na nusu ya lundo imeshahama. Kumbe simu yangu usiku ilidaka mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kwa Wazambia ilikuwa saa moja. Kwetu saa mbili.

Nilingoja kusemwa. Watu wakacheka tu. Hapa Tunduma kila mtu simu imeshamfanyia hivyo. Mmoja aliachwa na basi la Mbeya, na Makene mwenyewe alikuta mjukuu wake ameshabatizwa. Nikapewa tiki yangu kama wengine.

Nimerudi nyumbani na mawazo. Saa nzima ya mawe imesamehewa, na sikusema uongo wowote. Mpango ni huu: kufika kwa saa za Nakonde, kuondoka kwa saa za Tunduma. Kazi ya saa tatu inabaki mbili. Hii si hila. Ni jiografia.

Jumatatu, 23 Juni

Mtaro. Nimeanza saa moja ya Nakonde, nimemaliza saa nne ya Tunduma. Tiki ya pili. Harufu ya mtaro bado iko puani, na chai yote ya leo imenuka mtaro.

Rubeni kaniuliza kwa nini simu yake, inayolala upande wa pili wa ukuta ule ule, haihami nchi. Nikamwambia simu zinatofautiana. Akasema ndiyo. Aliisema hiyo ndiyo kwa namna ambayo sikuipenda.

Nimechoka. Kazi ya saa mbili inachosha sawa na ya saa tatu. Hakuna aliyenitahadharisha.

Jumatano, 25 Juni

Mzee Jonasi amefariki jana. Fundi baiskeli wa kona yetu. Wanaume tuliambiwa tukachimbe saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Nilikwenda kwa saa zangu nilizozizoea. Nikakuta kaburi limeshafika kifuani. Rubeni yuko ndani, anachimba zamu mbili, ya kwake na ya kwangu. Hakunisema. Alinipa sepetu, akashika mkono wa mtu, akapanda juu.

Nilichimba. Udongo mwekundu, mgumu. Mzee Jonasi amenizibia pancha mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kila mara aliacha chakula chake kipoe ili mimi niwahi. Niliona aibu. Si ile ya kuonekana na watu, ile nyingine. Ilikaa mpaka mchana, hata maharage ya msibani sikuyamaliza.

Makene kaniwekea tiki ya tatu bila kunitazama. Nilimwambia Tumpale kwamba zimetimia. Kanishika mkono, akasema sasa atalala usingizi. Aibu ikapungua, halafu ikaisha.

Ijumaa, 27 Juni

Viti hamsini vimeletwa. Masufuria yameletwa. Wanawake wa mtaa wamekuja kuchambua mchele kwa sababu ya Tusekile, ambaye kurasa zake kwenye daftari zimejaa hadi pembeni. Kesho asubuhi usafi wa mtaa, na wakitoka huko, kufunga turubai na kupanga viti hapa kwangu.

Nimetafakari. Tiki nilizotakiwa ni tatu. Ninazo tatu. Ya nne ni ya nini? Nimemwambia Tusekile kwamba haifai baba wa binti kukaa mikono mitupu siku kama hiyo, naenda Nakonde asubuhi kumtafutia Tumpale kitenge cha Zambia. Akasema Tunduma vitenge vimejaa mpaka kwenye toroli. Nikasema si vile. Akarudi kwenye mchele wake.

Kweli nataka kumpa kitenge. Kweli pia kwamba sitaki kufunga turubai kwenye upepo huu.

Jumamosi, 28 Juni

Naandika ili nisiende kukaa na watu.

Kitenge nilikipata mapema. Cha bluu, kina ndege weupe. Mama mwenye duka alinisalimu kwa Kibemba, mulishani, akanipa kiti mlangoni. Jua zuri, hakuna anayeniita, hakuna kamba ya kushika. Nikaagiza chai. Simu ilisema saa sita na nusu, na saa ya ukutani dukani ilisema hivyo hivyo. Nilijisikia mtu mwangalifu. Nikaagiza chai ya pili. Nikavuka taratibu katikati ya malori, nikafika nyumbani simu ikisema saa nane kasoro dakika kumi. Nikajisemea kwamba nimewahi wageni.

Kwetu ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Wiki nzima nimekuwa nikiikumbuka ile saa moja ilipokuwa na faida kwangu. Leo nikaisahau.

Haya nimesimuliwa na Tusekile. Wageni walifika mapema, watu tisa, wote makoti. Makene akawaambia baba wa binti amekwama mpakani. Wakangoja. Mshenga wao, mtu anaitwa Deus, akasema kwa heshima zote kwamba barabara ya Ibaba jioni ina ukungu, na barua hairudi mfukoni ikishatoka nyumbani. Makene akauliza nani atasimama. Wanaume sita wakatazamana. Ndipo Tumpale akatoka ndani bila kuitwa na mtu, akapiga magoti mbele ya Rubeni, akamwomba asimame mahali pa baba yake.

Mimi nilifika Rubeni akiwa ameishika barua kwa mikono miwili, anashukuru kwa Kindali safi, lugha ya Ileje. Alishukuru vizuri. Alimtaja Tumpale tangu alipokuwa mdogo, akataja hata siku alipoumwa surua, ambayo mimi niliisahau. Wazee wa Ibaba walikuwa wanatikisa vichwa kwa kuridhika. Makene aliponiona akataka kusimama anitambulishe. Tumpale akamtazama, akakataa kwa kichwa, kidogo tu. Makene akakaa.

Nikabaki kusimama karibu na masufuria na kifurushi changu kwapani. Deus alipita akanikabidhi sahani zilizotumika, akaniambia kazi nzuri jamani, poleni na jikoni. Nikazipokea. Nikazipeleka kuoshwa.

Walipoondoka nilimpa Tumpale kitenge. Alikipokea kwa mikono miwili, akasema asante baba, akakikunja vizuri. Nilitaka agombe. Hakugomba.

Jumapili, 29 Juni

Tusekile kanieleza, kama vile nami si mtu wa huku, kwamba aliyepokea barua ndiye anayesimama mpaka mwisho. Vikao vyote ni vyake, na safari za Ibaba. Siku ya harusi, mwezi wa tisa, ndiye atakayemshika Tumpale mkono na kumkabidhi kwa wakwe. Iliniuma. Nimeacha uji nusu bakuli.

Lakini baadaye, nikiwa nimelala, nikaanza kuona upande wa pili. Vikao visipungue sita. Safari mbili za mlimani kwenye baridi ile. Hotuba. Yote ya Rubeni! Basi afanye yeye mpaka mwezi wa tisa, halafu wiki ya harusi augue kidogo, mafua tu yanatosha, na mimi nichukue nafasi yangu. Mtu akizungumza naye vizuri atakubali. Nilimdokeza Tumpale aliponiletea maji ya kunawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: baba, hizo kazi ndizo nafasi yenyewe. Akachukua beseni, akatoka.

Bado kijana, hajui mambo yanavyopangwa.

Sasa wanarudisha viti ofisini. Makene alituma neno niende kusaidia, nikajibu mgongo unauma, na kweli unauma kiasi. Kutoka hapa kitandani namsikia Tumpale na Rubeni uani wakivipanga kwenye toroli na kuvihesabu kwa sauti. Wamefika kumi na tisa kati ya hamsini. Kuna jambo limewachekesha, wameacha kuhesabu, wanacheka wote wawili. Natamani kujua ni nini. Wakifika arobaini na tano hivi nitatoka.