Kupiga Pasi Goti

Jumatatu, 4 Machi

Goti limeamka kabla yangu. Siku hizi ndilo jogoo wa nyumba hii.

Mwanangu ametoa hukumu mezani, mbele ya mkewe, chai yangu ikipoa. Nikimaliza gauni la jirani kufikia Jumapili, cherehani kinabaki chumbani kwangu. Nikishindwa, kinakwenda kwa binamu yake, nami nipumzike. Nipumzike! Kwani nimechoka kuishi? Cherehani hicho ndicho kilichomlisha na kumvisha, leo amekuwa hakimu wake. Anasema ananiona nachechemea. Nimemjibu sichechemei, natembea kwa madaha.

Taabu ni harufu. Dawa yangu ya kuchua inanuka mpaka barabarani. Mkamwana akiinusa tu, keshajua goti limegoma. Yeye hasemi, ananusa. Watu wasiosema ndio wa kuogopwa.

Jirani mwenyewe, tunayemwita Bi Manukato kwa sababu hujimwagia chupa nzima, kaja kuulizia gauni. Kapanda ngazi za baraza kama msichana. Rika langu yule! Kanipa pole ya goti bila kuombwa. Nimemwambia pole ampe anayeumwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata njia. Dawa ya kupaka ya pilipili! Hainuki. Karatasi yake imesema nipake kidogo. Hiyo ni kwa wenye magoti madogo. Nimepaka tele.

Goti likawaka, nikaona raha, nikakanyaga cherehani kama zamani. Kisha uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Nikafikicha jicho. Kwa mkono ule ule!

Nilipiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Mkamwana kaja mbio, kanikuta machozi yananibubujika. Akauliza kama nimemkumbuka marehemu baba. Nikasema ndiyo. Akanishika bega, akakaa nami.

Alipoondoka nikamkumbuka marehemu kweli. Si haki kumsingizia mtu kilio halafu usimlilie.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa muuza dawa. Nimemwambia nataka kitu kisichonuka, kisichochoma jicho na kisicho na maneno mengi. Kanipa plasta za kubandika, na maneno mengi juu yake. Ngozi iwe safi na kavu. Usichanganye na dawa nyingine ya kupaka. Sijui moto nini. Hilo la moto sikulisikia vizuri, maana mfuko wa koti lake jeupe umeshonwa upande, na mimi mfuko uliopinda hunitoa akili. Nimemwambia alete koti nimnyooshee. Akacheka, akaanza maneno upya. Nikaondoka.

Nyumbani nimeigeuza plasta huku na huku. Upande mmoja kitambaa, upande mwingine gundi, juu ya gundi karatasi. Loo! Si ndiyo hii hii tunayotia ndani ya kola isimame? Nimeijua tangu ujana. Bila pasi haishiki, hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza anajua. Nimeibandika kwa ndani ya gauni langu la kazi, pale goti linapokaa, nikapitisha pasi. Imeshika safi sana. Watu wanasoma miaka na hawajui kupiga pasi.

Alhamisi, 7 Machi

Dawa hii ni mwisho! Asubuhi yote nimekanyaga cherehani, kiuno cha gauni la jirani kimekwisha. Nimeimba. Mwanangu kapita mlangoni, nikaimba kwa nguvu zaidi.

Mchana nimeinuka kwenda kunywa maji, goti likanikatalia katikati ya chumba. Nimesimama pale nimeshika ukuta kama anayeupima. Jioni mkamwana kachukua nguo za kufua, akaigundua plasta ndani ya gauni. Kaigeuza, kaitazama, akakaa chini kwa kicheko. Akaniuliza kwa upole, mama, anayeumwa ni wewe au gauni?

Nimemwambia ni kiraka. Mtindo mpya.

Hakumwambia mumewe. Nimetega sikio mlangoni, hakusema. Sasa ananitia wasiwasi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimeifanya sawasawa. Kwanza dawa ya pilipili, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Juu yake plasta, kwenye ngozi yenyewe kama wanavyotaka. Ikawa inateleza. Nikaona pasi ipo, moto upo.

Sitaandika nilivyopiga kelele.

Mkamwana kaja na maji. Kaibandua plasta taratibu, kaniosha, kamwagia goti maji ya bomba muda mrefu, kisha kanipeleka zahanati. Njiani nilingoja anigombeze. Mimi ningemgombeza mpaka mbingu zisikie! Yeye kanishika mkono tu. Mganga kasema ngozi imeungua juu juu, niiache ipone, nisipake kitu hapo kwanza.

Tuliporudi, akaniuliza mguu wa pili haujachoka kwa kubeba kazi ya mwenzake? Akakaa chini, akauchua kwa mikono mitupu, bila dawa yoyote, kuanzia kisigino mpaka juu. Nikamwambia anabonyeza kama anakanda unga. Akaendelea.

Mwili wangu huu, mara ya mwisho kushikwa na mikono ya mtu asiyeupima wala kuuogesha ni lini? Uzee hauumi gotini peke yake. Hilo sikumwambia. Angevimba kichwa.

Jumamosi, 9 Machi

Gauni limebaki mikono na pindo, na goti limefungwa kitambaa. Nimekitazama cherehani, nacho kimenitazama. Mkamwana kaingia, kavuta kigoda, kakaa ubavuni mwangu, kaweka mguu wake kwenye kanyagio. Miguu yake, mikono yangu. Mwanzoni alikwenda kasi, nikamwambia cherehani si mbwa, usikifukuze. Mpaka mchana tulikuwa tunakwenda pamoja bila kuambiana.

Bi Manukato kaja kujipima. Nilipomfunua kiunoni, nikaona. Plasta! Kiunoni, kubwa kama bahasha. Na chini ya manukato yote yale, dawa ya kuchua, ile ile yangu. Kumbe miaka yote hii! Tumetazamana kwenye kioo. Yeye akalitazama goti langu. Hakuna aliyetoa pole.

Nimemlegezea gauni kidogo kiunoni. Hakuomba.

Jumapili, 10 Machi

Ushindi! Mwanangu alikuwa bado uani aliposikia cherehani kinaimba. Alipofungua mlango, mkamwana alikuwa keshasimama anakunja nguo, nami nimekaa nimenyooka na pindo mkononi. Kalikagua gauni kama anajua kitu. Akasema basi, cherehani kibaki. Mkamwana alikuwa anatazama dirishani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nimeshona gauni lote peke yangu. Wamejionea.

Bi Manukato kavaa, kajigeuza, karidhika. Akanong'ona sikioni kwangu kwamba plasta yake haikai, akiinama inabanduka. Nimemwambia amekuja kwa fundi. Kosa la Ijumaa nimeshalijua: nilitia moto wa jinzi. Ngozi ya uzee ni hariri, nayo hariri hupigwa pasi ya uvuguvugu, juu yake kitambaa chenye maji.

Nimemwambia aje kesho asubuhi, mkamwana akiwa sokoni.