Tarumbeta la Siku ya Kazi

Jumatatu, 12 Machi 1956
Manyunyu. Baridi ya kuuma masikio. Jana Mchungaji kaniharibia Kwaresima. Katangaza kwamba alfajiri ya Pasaka, pale makaburini, atakayeongoza matarumbeta si lazima awe mimi. Sasa awe nani? Miaka yote ni mimi, Kalinga! Kasema kipaji si kofia ya kujivisha, ni mgongo wa kubebea wenzako. Basi atatazama nani anawatumikia watu kwa muziki wake, mimi au Mwalimu Jailos. Jumapili ya Matawi atasema.

Huyu Jailos kaja mwaka jana kutoka Mbeya. Viatu vinang'aa hata kwenye tope. Anasoma noti kama karani asomavyo barua ya serikali. Mimi noti sizijui, lakini masikio ninayo. Yote mawili.

Jambo lenyewe ni hili: pale makaburini amelala Didas, rafiki yangu, aliyenifundisha kupuliza. Kila Pasaka ninamwamsha mimi. Didas hakupenda wageni tangu akiwa hai. Leo aamshwe na viatu vya Mbeya?

Shida ndogo: jino langu la mbele lilibaki kwenye hindi la kuchoma. Pumzi inatorokea hapo. Nimeziba na nta ya nyuki. Mke wangu Esta kasema nikitabasamu nafanana na mzinga.

Jumatano, 14 Machi
Nimempeleleza Jailos. Mchana anafundisha watoto kuimba. Jioni anakwenda kwa wazee wasioweza kufika kanisani, anawaimbia, halafu anawachotea maji. Maji! Huo si muziki, hiyo ni rushwa.

Nami nimepata mgonjwa wangu. Damari, mjane wa Didas, dada yake Esta. Mgongo umemlaza tangu tupalilie mahindi. Kesho ninakwenda kumpulizia. Esta kaacha kupepeta, kanitazama. Kasema, Baba Sekela, hapa kwetu tarumbeta likilia siku ya kazi maana yake ni moja tu. Nikamwambia aache mambo ya kizamani, hii ni huduma. Kasema haya, yeye hayumo.

Wanawake hawana imani.

Alhamisi, 15 Machi
Balaa!

Nilifika kwa Damari asubuhi. Mlango umerudishiwa. Sikubisha hodi, mgonjwa hasumbuliwi. Nikasimama uani, nikachagua wimbo wa taratibu. Ule wa haraka unang'oa nta.

Ubeti wa kwanza, safi kabisa. Ubeti wa pili nikasikia mwanamke analia huko mtoni. Nikasema moyoni, ona, nimewagusa. Mara wakatokea wengine, kuni kichwani, unga kwenye vikapu, wanalia kweli kweli. Mrisho mwenye duka, ambaye ni Mwislamu na kanisa letu halimhusu, kafunga duka lake kaja na jora la marekani la sanda begani, ananiuliza kwa ishara marehemu alikuwa na urefu gani. Vijana wawili wana majembe, wanataka waonyeshwe pa kuchimba.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mpulizaji hakati wimbo katikati. Didas alinifundisha hivyo.

Ndani Damari kasikia msiba, naye kaanza kulia pamoja na wenzake. Mtu mwema. Halafu kauliza kwa sauti, jamani, nani amekufa? Mama mmoja, kanga imemfunika uso, kajibu bila kugeuka: Damari, masikini, na alikuwa bado ana nguvu!

Mlango ukafunguka.

Alitoka na mwiko. Wenye kuni wakatupa kuni. Mrisho karuka ua pamoja na jora lake. Mimi nikakimbilia shamba la pareto, Damari nyuma yangu, anapiga kelele: Shemeji, unanizika ningali natafuna!

Goti linauma. Esta anacheka tu, tena kwa vipindi, anapumzika anaanza upya.

Ijumaa, 16 Machi
Nimeitwa kwa Mchungaji. Nikajitetea. Nikasema, Baba Mchungaji, mwanamke alikuwa hawezi kukaa, sasa anaweza kunikimbiza hadi kwenye pareto. Jailos kamwinua nani? Mchungaji kainama, mabega yanatikisika. Nadhani alikuwa anaomba.

Halafu kauliza swali la ajabu. Kasema, ulimwuliza Damari anataka nini? Nikajibu, mgonjwa anajua nini kuhusu muziki? Kanituma nikamwulize.

Jumamosi, 17 Machi
Nimekwenda na kuku, kwa usalama. Nikasalimia kwa mbali, kamwene. Damari kakaa mlangoni, mwiko upo karibu. Nikauliza anataka nini. Kapokea kuku. Kasema anataka ule wimbo wa mavuno, ambao Didas alikuwa akiupuliza wakipukuchua maharage. Hajausikia tangu mumewe azikwe. Ule wa haraka! Nta yangu!

Lakini kasema nisubiri kwanza. Kajikongoja hadi kando ya njia, kakaa na ungo wake wa maharage, kila apitaye amwone anapumua. Mrisho kapita, kamsalimia mara mbili kuhakikisha. Ndipo nikapuliza. Nta ilitoka kwenye ubeti wa kwanza, pumzi ikapiga mluzi, wimbo ukachechemea kama mimi na goti langu. Damari alipukuchua, machozi yakidondokea maharage. Kasema hata Didas alikuwa akikosea papo hapo.

Vumbi machoni. Na mvua yote hii.

Jumapili, 25 Machi. Ya Matawi
Nimeshinda! Mchungaji kasema Kalinga ataongoza, Jailos atamfuata kwa tarumbeta la pili. Jailos kanipa mkono, kacheka kwa furaha. Mjanja huyo, ana lake.

Jumapili, 1 Aprili. Pasaka
Makaburini kabla ya jua. Ukungu, taa za chemli, kanisa zima. Nikasimama karibu na Didas. Nikapuliza. Baridi imeifanya nta kuwa jiwe, ikapasuka, ikadumbukia ndani ya tarumbeta. Upepo mtupu!

Jailos hakunigeukia hata kidogo. Aliuacha mstari wake wa wimbo, akaushika wangu, taratibu, kana kwamba tulipanga. Mimi nikavimbisha mashavu hadi mwisho. Watu wanasema sijawahi kupuliza vile. Esta pia kasema hivyo, ila kakohoa.

Nimemsamehe Jailos kwa kuingilia.

Jumatatu, 2 Aprili
Nimetafakari. Muziki ni huduma, na mimi ndiye niliyegundua jambo hilo hapa kwetu. Mzee Joachim wa kule mlimani ana homa. Kesho ninakwenda na tarumbeta. Esta kauliza kama nimemwuliza mwenyewe anataka nini. Nimemjibu nitamwuliza baada ya ubeti wa kwanza.

Nimepita dukani nikamwambia Mrisho, akisikia tarumbeta kesho, asifunge. Kasema hafungi. Lakini jora alikuwa ameshalishusha kutoka rafuni.