Punda Yupo, na Mafunzo Mengine ya Falsafa

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Balaa! Mwalimu Adome ametupa kazi ya mwisho ya muhula. Kurasa nne. Kichwa: "Mambo niliyojifunza mimi mwenyewe kwa kusoma falsafa." Si waliyosema Wagiriki. Si yaliyoko kitabuni. Mimi mwenyewe! Na kila funzo liwe na shahidi aliyeona kwa macho yake kwamba mwanafunzi amebadilika. Shahidi aandike sentensi moja kwenye jalada, kisha aweke sahihi.

Atakayewashinda wenzake atasoma kazi yake Kakuma Jumatatu ijayo, mbele ya wageni, na atapewa nafasi ya kufundisha huko likizo nzima. Atakayeanguka atarudia mwaka wa pili. Alipofika hapo, Mwalimu alinitazama mimi. Nimeshaurudia mara moja. Nikiurudia tena, wanafunzi wapya wataanza kuniomba baraka.

Nimekagua madaftari yangu. La kwanza lina mchoro wa viatu vya Mwalimu Adome. Mchoro mzuri sana, hata kamba zinaonekana. La pili lina neno KUWEPO, limepigiwa mstari mara tatu. Sikumbuki kwa nini.

Nyawal alianza kuandika kabla ubao haujafutwa. Nyawal ni msichana wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wazazi wake walitoka Sudan Kusini. Katikati ya wiki anakaa hapa Lodwar, Ijumaa anarudi kwa mamake. Ndiye wa kwanza darasani siku zote. Hajivuni hata kidogo. Hilo ndilo linaloniudhi.

Lakini mimi Erupe si mtu wa kukata tamaa. Kama mafunzo hayakunijia kwa miaka mitatu, nitayaendea mwenyewe. Moja kwa siku. Ijumaa asubuhi nitakuwa nayo matatu, moto moto.

Jumanne, 16 Septemba

Funzo la kwanza: maumivu ni maoni tu. Kuna wazee wa kale waliofundisha hivyo. Moto hauna shida, shida ni wewe kuudhania.

Nilichagua saa saba mchana. Nikavua viatu, nikasimama kwenye mchanga katikati ya uwanja wa Shangazi Nakaale, ninakoishi. Yeye alikuwa kivulini anasuka kikapu. Nikamwomba anishuhudie. Akauliza nimepoteza nini hapo chini. Nikasema sijapoteza kitu, natafuta utulivu wa nafsi. Akasema basi nivae viatu nikautafute.

Dakika ya kwanza: maoni. Dakika ya pili: maoni mazito. Dakika ya tatu niligundua kwamba mchanga wa Lodwar haujasoma falsafa. Nikaruka ua wa jirani yetu Akeno, nikatumbukiza miguu yote miwili kwenye karai la maji. Mbuzi wake walikuwa wanakunywa humo.

Akeno alitoka na mwiko. Aliuliza tangu lini mbuzi wake wakanyweshwa supu ya vidole. Nikamweleza, kwa upole, kwamba hasira nayo ni maoni tu. Maoni yake yameniachia uvimbe begani.

Jioni nikampelekea shangazi jalada. Aliandika polepole, miwani puani: "Nimemwona akilia." Nikamwambia sentensi hiyo hainisaidii. Akajibu kwamba yeye ni mzee wa kanisa, haandiki uongo kwa sababu ya mtoto wa kakake.

Jumatano, 17 Septemba

Funzo la pili: shaka. Tilia shaka kila kitu mpaka kibaki kile kisichoweza kutiliwa shaka.

Nilikuwa natembea kwa visigino tu. Shangazi akanituma mto Turkwel na punda kuchota maji. Njiani nikamtazama yule punda. Nikajiuliza: nina uhakika gani kwamba yupo? Huenda macho yananidanganya. Nikaachilia kamba, nikafumba macho, nikahesabu hadi mia, polepole, kwa uaminifu.

Nilipofumbua, punda hakuwepo.

Ushindi! Nilipiga kelele peke yangu pale njiani. Nimewapita wote waliotangulia! Kisha nikamkumbuka shangazi. Hakuna shaka yoyote kwamba shangazi yupo.

Nilimtafuta punda hadi adhuhuri kwenye vichaka vya mathenge. Miiba yote ya wilaya imenifahamu. Niliporudi barabarani nikamwona Nyawal anakuja, amemshika punda wangu sikio, wanatembea kama marafiki wa zamani. Alimkuta kwenye ubao wa matangazo wa chuo, ameshakula nusu ya ratiba ya mtihani.

Nyawal aliniuliza kama bado natilia shaka. Nikasema kidogo. Punda akanipiga teke la paja.

Nyawal hakucheka. Alinisaidia kuinuka, akaniomba jalada, akaandika kwa mwandiko wake safi: "Punda yupo." Akaweka sahihi. Sasa nina mashahidi wawili na wote wananishtaki.

Alhamisi, 18 Septemba

Funzo la tatu: kuuliza. Kulikuwa na Mgiriki mmoja aliyezunguka sokoni akiwauliza watu maswali mpaka wakiri kwamba hawajui kitu. Njia rahisi, haichomi miguu. Nikamchagua Etabo, soja wa geti la chuo. Nilimsalimia, ejok, naye akaitikia vizuri. Kisha nikaanza.

"Etabo, geti ni nini?"

"Geti ni hii nafunga."

"Na kama hujaifunga?"

"Basi iko wazi."

"Sasa ikiwa wazi, bado ni geti?"

Etabo alikuna kidevu. Nikaona amekwama, moyo ukafurahi.

"Erupe, wewe unataka geti ama hutaki?"

"Nataka tujue kama kweli kuna geti."

Akalifunga. Mimi nilikuwa upande wa nje.

"Sasa iko," alisema, akarudi kwenye kiti chake.

Nilikaa nje saa tatu nzima. Nilikosa marudio ya somo la maadili. Wanafunzi walipita mlango wa nyuma wakinipungia mkono. Mwishoni nilipitisha jalada chini ya geti, nikamsihi angalau aandike kitu. Lilirudi na maneno mawili: "Alikuwa nje."

Ijumaa, 19 Septemba

Siku ya kukabidhi. Kazi yangu ilichapishwa saiba, kwenye duka la kompyuta, kwa herufi kubwa, lakini ilikataa kuzidi kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza una mchanga. Wa pili una punda. Jalada lina mashahidi watatu: analia, punda yupo, alikuwa nje.

Mwalimu Adome akaomba mtu wa kupeleka kazi zote ofisini kwake. Nilisimama kabla hajamaliza sentensi. Alishangaa. Hajawahi kuniona nikisimama kwa hiari.

Ofisi iko mwisho wa ujia mrefu. Mtu anayetembea kwa visigino hupata muda wa kufikiri. Nilifikiri hivi: mawazo hayana mwenyewe. Jua halina mwenyewe. Kwa nini mawazo ya Nyawal yawe na mwenyewe? Nikabandua pini. Jalada langu nikalitia kwenye kazi yake, jalada lake kwenye kazi yangu. Karatasi ni zile zile, saiba ni ile ile.

Naandika hapa kwa heshima yangu: sikusoma hata mstari mmoja. Kusoma kungekuwa wizi.

Jumamosi, 20 Septemba

Mwalimu Adome amepiga simu! Mimi ndiye wa kwanza!

Alisema amefundisha miaka kumi na tisa na hajawahi kumwona mwanafunzi akijitazama namna hiyo, tena kwa kujisimulia kana kwamba ni mtu mwingine. Alisema alipofika kwa mashahidi ilibidi avue miwani. Kila sentensi imekaa mahali pake kama kifuniko na sufuria. Nikasema nilijaribu tu kuwa mkweli.

Nikaomba karatasi nikafanye mazoezi. Akakataa. Ameifungia kwenye mkoba wake isipotee, atanikabidhi ukumbini.

Kisha akashusha sauti. Ana wasiwasi na Nyawal. Ameleta kurasa mbili za herufi kubwa, za mtu anayegombana na mchanga. Pengine anaumwa. Nikasema tumwombee.

Jumapili, 21 Septemba

Shangazi Nakaale alisimama kanisani wakati wa matangazo. Alisema alipoona nimesimama kwenye mchanga alidhani nimerukwa na akili, kumbe ilikuwa elimu. Watu walipiga makofi. Akeno wa mbuzi hakupiga.

Mchana alinipigia pasi shati, mara mbili. Mimi nilifanya mazoezi ya kuinama na kupokea shukrani. Nimeamua kuinama kidogo tu. Mtu akiinama sana anaonekana hakutarajia.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimerudi kutoka Kakuma. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi.

Ukumbi wa kambini ulijaa. Walimu, wachungaji, akina mama wa Sudan, Wakongo, Wasomali, vijana wamesimama madirishani. Nyawal alikaa mstari wa mbele na mamake, mwanamke mrefu aliyevaa nguo nyeupe. Shangazi alikaa nyuma yao. Mwalimu akafungua mkoba, akanikabidhi karatasi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Nikakohoa. Nikaanza kusoma.

"Sikujifunza falsafa kwa vitabu peke yake. Nimejifunza kwa kumtazama mwanafunzi mmoja aitwaye Erupe."

Nikasimama. Nikasoma tena kimya kimya. Ni mimi! Nyawal ameandika kurasa nne juu yangu! Watu walidhani nimesimama kwa ufundi, wakanitia moyo kwa makofi. Ningefanya nini? Nikaendelea.

Nilisoma habari za mchanga. Nilisoma habari za karai la mbuzi, maana Akeno ameshaitangaza soko zima. Ukumbi ulicheka mpaka mchungaji mmoja akashika ukuta. Nilisoma jinsi geti lilivyonifungia. Halafu nikafika mahali ambapo sikuwa nimejiandaa.

"Kila asubuhi Erupe anaamka akitaka kuwa mtu mwingine. Mimi nimekulia mahali ambapo kadi inasema wewe ni nani, na hakuna anayekuuliza zaidi. Zamani nilimcheka. Sasa simcheki. Mtu anayejaribu kubadilika, hata akikosea kila siku, bado anajaribu."

Mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi pia macho yaliuma. Vumbi la Kakuma ni baya.

Nikasoma haraka nimalize: "Nikamshika yule punda sikio, nikamrudisha kwa mwenyewe." Hapo Nyawal akainua mkono. Mwalimu akamruhusu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisimama, akauliza kama mtu anayeuliza njia.

"Erupe, punda alipotea mikononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Na nani alimrudisha?"

Nikatazama karatasi. "Mimi."

"Wewe ulimpoteza, na wewe ukamrudisha?"

"Ndiyo."

"Ukiwa umefumba macho?"

Vijana wa madirishani wakaanza kupiga mbinja.

"Kwa hiyo," alisema Nyawal, "huyo aliyeandika 'Punda yupo' kwenye jalada lako, akaweka sahihi, ni nani?"

Mwalimu aligeuza jalada. Akasoma sahihi. Akamtazama Nyawal, akanitazama mimi. Akavua miwani. Safari hii hakulia.

Nikasema kitu pekee kilichonijia: "Natilia shaka kwamba mimi ni mimi."

Mama yake Nyawal alisema neno moja kwa Kiarabu cha Juba. Nusu ya ukumbi ikaanguka kwa kicheko. Sikuomba tafsiri. Shangazi Nakaale hakucheka. Alikuwa anatazama shati langu, lile alilolipiga pasi mara mbili.

Nyawal alipanda jukwaani, akachukua karatasi mkononi mwangu bila kuinyakua, akasoma ukurasa wa mwisho mwenyewe. Sijui ulisema nini. Masikio yangu yalikuwa yanavuma. Nilisikia makofi tu, marefu, watu wote wamesimama.

Baadaye aliniletea maji kwenye kikombe. Nikamwomba radhi. Akasema ningemwomba angenipa niisome, maana alitaka kunionyesha kabla ya mtu yeyote. Hilo liliniuma kuliko mchanga wa saa saba.

Tuliposhuka garini Lodwar, Shangazi aliniambia jambo moja tu: kesho nitakwenda kwa Akeno na jembe, nimlimie ua wote, na mdomo wangu ubaki nyumbani.

Jumatano, 24 Septemba

Mwalimu Adome ameamua. Nyawal anafundisha Kakuma likizo nzima, kuanzia leo. Mimi narudia mwaka wa pili, mara ya pili. Amesema nisiandike insha nyingine mpaka nimekaa na jambo hili na kulielewa.

Nimekaa nalo tangu saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja nilikuwa nimeshalielewa. Kosa halikuwa kubadilisha majalada. Kosa langu ni kusema! Laiti nisingejibu yale maswali pale jukwaani, ningekuwa nafundisha Kakuma sasa hivi. Wenye hekima wa kweli hunyamaza. Kuanzia leo sitasema neno hadi Krismasi.

Saa mbili nilimweleza shangazi sababu kumi na moja za kunyamaza kwangu. Saa tatu nilimweleza Akeno, akaniomba nianze mara moja. Saa nne nilimsimamisha Etabo getini, nikamfafanulia aina nne za ukimya na ipi ni yangu. Mchana nilimpigia Nyawal Kakuma, tukazungumza dakika arobaini. Zaidi nilizungumza mimi.

Lakini mji ni mkubwa na watu wengi bado hawajui kwamba nimenyamaza. Jumapili nitawatangazia wote kwa pamoja. Kipaza sauti cha kanisa nimeshakiomba.