Diski Ambayo Lameck Hataifungua

Jumatatu, 9 Juni
Picha 2,914 za harusi ya Bupe, zote safi. Jumamosi tunavunja kamati hapa Miyuji. Kuku wa kuchoma, wajumbe wote, picha kwenye runinga kubwa. Mwenyekiti, Mama Frida, amesema zikimpendeza, harusi ya binti yake Agosti ni yangu. Naitaka kazi ile kufa mtu! Tatizo Lameck, mwenye studio mkabala na yangu. Diski yangu ikitoka tu mikononi mwangu, kesho yake picha ziko kwenye ukurasa wake, na jina lake pembeni. Safari hii atakoma.

Jumanne, 10 Juni
Nimemuuliza Iddy, fundi kompyuta, diski niipe fomati gani, yaani mpangilio gani wa kutunzia faili. Akasema exFAT, maana kila mashine inaisoma. Kila mashine! Na ya Lameck je? Nikamshukuru kwa adabu. Halafu nikaazima kompyuta ya Mac ya jirani yangu Erick, anayefanya kazi Bungeni, nikaifomati diski kwa fomati inayosomwa na Mac peke yake. Lameck ana kompyuta ya Windows ya zamani, inanguruma kama mashine ya kusaga. Picha nimehamishia humo, kadi za kamera nimefuta, kesho nina kipaimara Mvumi. Mimi ni mtu hatari sana.

Alhamisi, 12 Juni
Nimechomeka diski kwenye laptop yangu nipange picha za kuanzia. Ikauliza kama niifomati upya. Kidole kilishafika kwenye Ndiyo, Iddy akanidaka mkono: ningefuta picha zote. Alikuwa amekuja kuazima chaja tu, Mungu ambariki. Kumbe na mimi natumia Windows! Nimempigia Erick. Yuko Mlali shambani kwa baba mkwe, na Mac yake, hadi wiki ijayo. Si kitu. Runinga ya ukumbini ni mpya, itasoma.

Jumamosi, 14 Juni
Haikusoma. Watu sitini, skrini nyeusi. Bupe machozi yanamlengalenga. Mama Frida akaniita pembeni, sauti ya chini kabisa.
“Mwanangu, picha za Bupe ziko wapi?”
Nikasema zimo humo humo, mama, salama. Ndipo akainuka Lameck, mjumbe wa kamati, akafungua begi. Mac! Mpya, bado ina nailoni! Dakika mbili, Bupe huyo kwenye runinga anakata keki. Vigelegele ukumbi mzima. Hata mimi nilipiga makofi, picha ni nzuri jamani. Agosti kapewa Lameck. Mama Frida kasema anataka mpiga picha ambaye picha zake zinaonekana.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya ibada Iddy kaja kunipa pole. Karudia yale yale: exFAT, na nakala mbili. Nimekubali kila neno. Kisha nikamuuliza, kwa upole tu, kama ipo fomati ambayo hata Mac haiisomi. Ipo! Ya kompyuta za Linux. Lameck hana Linux. Mimi pia sina, wala simjui mwenye nayo Miyuji nzima. Iddy kaondoka bila kuaga, sijui ana nini. Kesho naanza kuhamishia kwenye fomati hiyo picha zangu zote za miaka sita. Safari hii haifungui mtu yeyote.