Ramani ya Macho Yangu Mikononi mwa Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua kumi. Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa vibaya.

Jumamosi naenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Clarisse. Sasa macho yananisumbua mwaka mzima. Hii ni miwani ya tatu, na bado taa moja naiona tatu. Nikaamua nipimwe kimyakimya, maana nani atampa binti yake mtu asiyeona vizuri? Niliyemwambia ni Kambo peke yake, bibi yangu mzaa mama. (Kosa la kwanza. Kambo hajatunza siri tangu azaliwe.) Akanisindikiza kliniki, amevaa kikwembe, kitenge cha sare ya akina mama wa parokia.

Daktari akaanza maswali. Miaka? Ishirini na sita. Vumbi linakuwasha macho? Daktari, hapa ni Lubumbashi!

"Unasuguaka macho?"

"Hapana, docteur."

"Na sasa unafanya nini?"

Nikashusha mkono.

Nikaweka kidevu kwenye mashine yenye miduara inayong'aa, ikapima umbo la kioo cha mbele cha jicho. Ugonjwa wenyewe unaitwa keratokoni: kioo kinakuwa chembamba, kisha kinachongoka badala ya kuwa mviringo. La kushoto limechongoka zaidi. Akanitia dawa ya matone, akasema nisubiri nje, ananiletea ramani ya macho yangu.

Nikatoka. Ukumbi mzima ukungu! Ila kikwembe cha parokia nilikiona, kwenye benchi nilipomwacha Kambo. Kwetu bibi na mjukuu huitana mume na mke, ni utani wa kila siku. Nikamkumbatia kwa nyuma, nikamnyang'anya mkoba.

"Bibi yangu muzuri! Bwana yako alisha kumaliza. Twende nyumbani unipikie bukari!"

Yule mama akakakamaa. Alinukia marashi. (Kambo hajipaki marashi.)

Sauti ya Kambo ikatokea mlango wa choo: "We mwana! Wachia mama mukwe wako!"

Mama yake Clarisse. Mtu ambaye kwa mila zetu hata mkono simpi mpaka yeye anyooshe wake kwanza. Alikuwa amesikia naumwa (kwa nani, msiniulize), akaja kunitazama kwa roho nzuri.

Kabla sijatafuta pa kujificha, daktari akatoka na karatasi ya rangi rangi. Akamkabidhi yeye.

"Mama, hii njo macho ya mutoto wako. Hapa fasi nyekundu, inachongoka. Sura ya muntu, hata karibu, hawezi kuijua."

Basi, siri imekwisha, na ndoa nayo. Nilitaka kulia, kusema kweli.

Mama mkwe akaisogeza karatasi kwenye mwanga, akaipitisha kidole pale penye wekundu.

"Kumbe ni macho! Ba dimanche tatu anapita mbele yangu ku kanisa, hanisalimie. Nilisha kuambia bayomba ya Clarisse: ule kijana iko na majivuno, tumukatalie." Akaikunja karatasi, akachukua mkoba wake mkononi mwangu, akaitia humo. "Samedi ukuye. Nitabaonyesha bote."

Kwa hiyo Jumamosi wajomba watapokezana macho yangu, kabla ya soda.

Mkinikuta mjini, tajeni majina kwanza. Na msicheke, tafadhali. Masikio yangu ni mazima.